Nianze na Persona 3 ipi?

Watu wa gemu wana kambi mbili, na kila kambi imejichukulia methali yake. Wa kwanza ni wa ya kale dhahabu: anza na toleo la mwanzo kabisa, vumilia picha zake zenye kona kona, la sivyo hujacheza kitu. Wa pili ni wa kipya kinyemi ingawa kidonda: toleo jipya lipo, la zamani la kazi gani? Ukikaa kwa mafundi simu pale Kabwe ukataja gemu yoyote iliyotoka zaidi ya mara moja, kambi hizo zitajipanga mbele yako mpaka utasahau kwamba ulikwenda kubadilisha kioo.

Mimi nazisikiliza zote mbili, ila sijahamia kokote. Nimecheza za kutosha kujua kwamba jibu hutoka ndani ya gemu yenyewe, na kwamba ipo moja inayozishinda kambi zote. Ni Persona 3. Ndiyo aliyoniulizia juzi mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, anayesoma Mkwawa kule Iringa. Alinitumia sauti ya WhatsApp, akaanza na "Kamwene dada", maana tangu apande ule mlima wa Ipogolo amekuwa Mhehe kuliko Wahehe wenyewe. Kisha akaenda moja kwa moja: "Nimeona kuna FES, kuna Portable, kuna Reload. Nianze na ipi? Na usiniambie zote, dada, mimi nina mitihani."

Nilimjibu kwa sauti ndefu ambayo nina hakika aliisikiliza kwa mwendo wa mara mbili. Hapa naiandika ikiwa imetulia.

Ukiniuliza uanze na gemu ipi ya mpira, nitakujibu hujamaliza swali: ya mwaka huu, au yoyote ambayo simu yako inaibeba. Hupotezi kitu. RPG ni habari nyingine. Hizi ni gemu ambazo unavaa uhusika wa mtu, unaishi naye, unamkuza, unamchagulia marafiki na silaha, na zina hadithi ya kumaliza. Ukishajua nani anakufa, umejua. Hakuna namna ya kutojua tena. Toleo unaloanza nalo ndilo linaloichukua ile mara yako ya kwanza, na yanayofuata yote yatakukuta umeshaambiwa.

Kizazi changu hapa Mbeya tulichelewa kukutana na swali hili. Gemu tulizijulia kwenye mabanda ya Mwanjelwa na Soweto, PS2 ikiwa imefungiwa ndani ya kasha la nondo, na pale ulilipia mechi. Mechi ikiisha unampisha mwenzako au unaongeza hela. Sasa gemu inayotaka saa sabini utailipiaje kwa mtindo huo? Na hata mwenye banda angekuwa mjomba wako, memori kadi ilikuwa moja kwa wote. Kila aliyekuja na ligi yake alifuta cha mwenzake ili asevu cha kwake. Ndiyo maana wavulana wa rika langu wanakumbuka mpira na ngumi, na wasichana tuliokuwa tunapita pale kununua vitumbua tunakumbuka migongo ya wavulana. RPG zilitufikia baadaye, kwa njia ya simu, kupitia PPSSPP, ile programu ya bure iliyoanzishwa na Henrik Rydgård mwaka 2012, inayoifanya simu icheze gemu za PSP, ile mashine ya Sony ya kushika mkononi. Simu haina foleni ya watu nyuma yako.

Kabla sijafika kwenye Persona 3, nitaje mbili ambazo jibu lake ni rahisi, ili ionekane kwa nini hii ni ngumu.

Chukua Pokémon. Red na Green zilitoka Japani Februari 1996 kwenye Game Boy. Mwaka 2004 zikaja FireRed na LeafGreen kwenye Game Boy Advance, zikasimulia safari ile ile, mji kwa mji. Hapa nakwambia bila kupepesa macho: FireRed. Red ya zamani ina mkoba unaobeba aina 20 tu za vitu, sanduku la kuhifadhia Pokémon, wale viumbe unaowakamata, likijaa ni wewe wa kwenda kulibadilisha kwa mkono, na ina kasoro moja maarufu: ndani ya gemu unaambiwa wale wa nguvu za akili wanaogopa mizimu, halafu ukijaribu, pigo la mzimu haliwagusi hata kidogo. FireRed imesahihisha hayo yote, na inakuruhusu kuwa msichana ukitaka. Ya 1996 ni ya kutembelea baadaye, ukiwa na muda.

Final Fantasy VII ni kinyume chake. Ya 1997 ilikuja kwenye diski tatu za PlayStation. Remake ya 2020, yaani ile ile ikitengenezwa upya, pamoja na ukubwa wake wote, inasimulia sehemu ya mwanzo tu, ya mji wa Midgar. Rebirth ya 2024 ndiyo inayotoka nje ya mji, na hata hapo hadithi haijaisha. Zaidi ya hayo, Remake inazungumza na mtu aliyecheza ya zamani. Kuna mambo ndani yake yanayokutikisa kwa sababu tu unajua yalipaswa kwendaje. Asiyejua anaona vivumbi vinazunguka, anauliza hawa nao ni akina nani. Hapo kambi ya dhahabu imeshinda na mimi nawapigia makofi, pamoja na wale wahusika wao wa 1997 wenye mikono kama matofali.

Persona 3 haikubali hukumu ya namna hiyo, kwa sababu hakuna toleo lake hata moja lililo kamili.

Kwa asiyeijua: ni gemu ya Atlus, kampuni ya Japani, iliyoongozwa na Katsura Hashino, ikatoka Japani Julai 2006 kwenye PS2. Wewe ni mwanafunzi yatima unayehamia shule mpya. Unashuka treni usiku, saa inagonga sita kamili, na dunia inasimama. Kuna saa ya ziada imefichwa kati ya siku na siku, na watu wa kawaida hawaijui kwa sababu wakati huo wamegeuka majeneza yaliyosimama wima barabarani. Wachache wanaobaki macho huita nguvu zao kwa kujielekezea kichwani kitu chenye umbo la bastola, kisha wakafyatua. Mara ya kwanza kuona hivyo niligeuka kuangalia mlango, nikiomba mama asiingie. Shule unayosoma mchana hugeuka usiku kuwa mnara, Tartarus, uliojaa viumbe vinavyoitwa Vivuli. Mchana unasoma, unakula na marafiki, unajiunga na klabu. Usiku, ukiamua, unapanda mnara. Siku inapita, tarehe inabadilika juu ya skrini, na kila mwezi ukiwa mpevu linakuja jambo zito.

Tarehe hizo nazipenda kupita kiasi. Gemu inaanza Aprili 2009, na mapambano makubwa huja usiku wa 9 Mei, 8 Juni, 7 Julai, 6 Agosti, 5 Septemba, 4 Oktoba na 3 Novemba. Fungua kalenda ya mwezi ya 2009 kwa saa za Japani uone: mwezi wa kweli ulikuwa mpevu siku hizo hizo. Mtu fulani ofisini kwao alikaa akazihesabu. Nilipokuwa mdogo, likizo nilikuwa naenda kwa bibi Tukuyu, na mwezi mpevu ulikuwa na maana moja tu, kwamba leo mnaweza kwenda kwa jirani bila tochi, mawingu yakiruhusu, maana Tukuyu ni Tukuyu. Gemu hii imeniharibia. Siku hizi nikiuona unachomoza nyuma ya milima najiuliza kama nina dawa za kutosha.

Na ni gemu ya mauti. Haifichi. Kuanzia saa ya kwanza inakwambia kila nafsi itaonja, kisha inakuuliza utafanya nini na Jumanne. Ndiyo maana nasema ni gemu ya watu wazima, ingawa kila mhusika amevaa sare ya shule.

Sasa matoleo. FES ilitoka 2007 Japani na 2008 Marekani. Ni ile ya 2006 iliyoongezwa nyama, pamoja na sehemu ya pili iitwayo The Answer, inayoendelea baada ya mwisho. Unatembea mjini na shuleni kwa miguu yako, na vipande vya katuni vipo. Taabu yake iko vitani: wenzako huwaongozi. Unawapa maelekezo ya jumla, shambulieni, ponyeni, kisha wao ndio wanaoamua. Kuna Mitsuru, dada mkubwa wa kundi, mwenye barafu kali. Huyu ana pigo la kumroga adui liitwalo Marin Karin, na analipenda kuliko uhai wako. Adui ana udhaifu wa barafu, amebakiza damu kidogo, wewe huna dawa, na Mitsuru anatongoza.

Kuna watu wanaoitetea kasoro hii, na sitawacheka. Wanasema rafiki ni mtu, ana akili yake, na gemu inayohusu kuishi na wenzako ikikupa uwachezeshe kama vidole itakuwa imekudanganya. Ni hoja. Naiheshimu sana nikiwa nimekaa, chai ya Rungwe mkononi. Nikiwa juu kabisa ya mnara, na kusevu ni mpaka nirudi chini mlangoni, heshima inapungua. Tena PS2 haina betri. Umeme ukikatika Uyole, na Uyole tunajua kukatikiwa, kazi yote ya kupanda imekwenda na maji.

Lakini FES ina kitu ambacho wengine wamekipoteza, nacho ni upweke. Bweni lake ni kimya. Unashuka ngazi jioni, huyu anasoma, yule anaangalia ukutani, unazungumza nao maneno mawili na unaenda kulala. Ukikaa mnarani muda mrefu wenzako wanachoka, wanaaga, wanakuacha. Wewe mwenyewe unaweza kuamka mgonjwa. Aliyekaa Mbeya mwezi Juni hana shida kuielewa gemu inayompa mtu mafua kwa kukesha. Hadithi ya mauti inapokelewa vizuri na nyumba yenye baridi, na nyumba ya FES ina baridi.

Portable ni ya 2009 Japani na 2010 Marekani, kwenye PSP. Diski ya PSP, ile ndogo ya UMD, mwisho wake ni GB 1.8, kwa hiyo kuna vitu vilikatwa. Walikata kutembea. Mji, shule na bweni vimekuwa picha zilizotulia, na wewe unasogeza kishale juu yake: doa hili ni mtu, doa lile ni mlango. Katuni zimeondoka, mahali pake wahusika wamesimama kando kando, maandishi chini yao. The Answer haimo. Mnara ndio hasa uliobaki wa kutembea. Ukiisikia habari hiyo utadhani ni toleo la wasio na uwezo. Kumbe ndilo lililokuwa la kwanza kukuruhusu kuwaamuru wenzako vitani mmoja mmoja. Mitsuru unamwambia barafu, anapiga barafu. Na ni hilo peke yake lenye msichana.

Mwanzoni kabisa unaulizwa: mvulana au msichana? Ukichagua msichana, usidhani imebadilika sketi tu. Skrini inageuka rangi ya waridi. Muziki wa mjini na wa vitani ni mwingine. Majibu unayopewa kuchagua yana utani na uchangamfu ambao yule mvulana wa vipokea sauti hana. Hata watu wa kujenga nao urafiki wamebadilika. Mvulana anapigana bega kwa bega na Junpei na Akihiko, lakini hapewi nafasi ya kukaa nao jioni baada ya jioni na kuijua mioyo yao, msichana anapewa. Mimi niliyekua nikitazama migongo ya wavulana bandani sikuwa najua kwamba gemu inaweza kuniuliza swali lile na kulimaanisha.

Upande huo niliucheza kwenye daladala za Uyole na Mbalizi. Siku moja ya gemu, asubuhi mpaka usiku bila kupanda mnara, inaisha kati ya Sae na Mafiati kama barabara imetulia; malori ya Tunduma yakiwa yamejipanga, unamaliza wiki. Hapo ndipo nilipoielewa Portable. Kile kishale kinachoonekana unyonge kwenye televisheni, kwenye simu ni baraka. Huna haja ya kukimbia ukumbi mzima kumtafuta mtu. Unafungua orodha ya sehemu, unachagua, umefika. Vita ni vya zamu, hakuna anayekuharakisha, kwa hiyo hata vitufe vya kugusa kwenye kioo vinatosha. Konda akikudai nauli, adui anasubiri.

Reload ilitoka 2 Februari 2024, kwenye PlayStation, Xbox na kompyuta. Imejengwa upya kuanzia msingi. Unatembea, unawaongoza wenzako, waigizaji wa sauti za Kiingereza ni wapya, wavulana wa kundi wamepewa visa vyao vya pembeni, na jioni bwenini unaweza kupika na mwenzako au kuangalia naye filamu. Uchovu umeondolewa. Ukiharibu mambo unaweza kurudi siku za nyuma. The Answer ipo, ila ilikuja Septemba 2024 na inalipiwa kando. Ni gemu nzuri mno, na ina joto. Wakati mwingine naona joto limezidi kwa hadithi ya namna ile, lakini watu wengi wanalipenda na siwalaumu.

Msichana hayumo. Waundaji walieleza kwamba muda na gharama havikuruhusu. Nimeelewa. Sijakubali.

Basi mtu afanye nini? Mimi nikiwa na shaka huwa naangalia kitu kimoja: nikishamaliza hii, ile nyingine nitaweza kuirudia? Anayetoka Portable kwenda Reload, kila hatua ni zawadi. Kumbe ukumbi wa shule una ngazi upande huu; kumbe Yukari, mwenzako wa kundi, akikasirika anasimama namna hii. Anayetoka Reload kwenda Portable anajikuta amenyang'anywa miguu. Nawajua waliojaribu, na wengi waliishia Mei. Wakiishia Mei, yule msichana wanakuwa wamemkosa, na hakuna toleo lingine watakalomkuta. Kwa hiyo mwenye nia ya kucheza mawili namwambia apande, asishuke: Portable kwanza, na ndani ya Portable awe msichana; halafu Reload, ambako uvulana ni lazima. Atakuwa ameipitia hadithi mara mbili bila kuwa mtu yule yule mara mbili.

Pingamizi nimelisikia mpaka basi: hadithi iliandikwa kwa ajili ya mvulana, msichana aliongezwa miaka mitatu baadaye, kwa hiyo awe wa pili. Anayesema hivyo ameshaicheza. Mgeni hana habari nani aliandikiwa nini. Anaingia, anakuta watu, anawazoea.

Lenye uzito ni la ile mara ya kwanza. Je, ni haki kuitumia kwenye picha zilizosimama, wakati lipo toleo ambalo wahusika wanasogea na nyuso zao zinabadilika? Mfano wangu ni usiku wa 4 Oktoba. Sisemi kinatokea nini. Kwenye Portable, sauti nikiwa nimeifunga kwa ajili ya muziki wa daladala, nilisoma sentensi, nikabonyeza, nikasoma inayofuata, nikatamani kurudi kwenye ile iliyopita. Kwenye kioo hakuna kilichosogea. Nilipitiliza kituo. Baadaye, kwenye Reload, nilikuwa najua kila kinachokuja, na bado nilisimamisha gemu nikaenda kuchemsha maji ambayo sikuwa na kazi nayo. Kwangu kujua hakukupunguza kitu. Ila mimi ni mtu wa kusoma, tangu zamani nasikia sauti za watu kichwani. Mtu ambaye maandishi humchosha, tena ana mashine ya kutosha, aende Reload asigeuke nyuma. Na anayejijua kwamba atacheza mara moja tu maishani, naye vilevile Reload, huku akijua nani ameachwa nje.

Maandishi yenyewe ni jambo ambalo wenzangu hawalisemi wanapopendekeza gemu hizi. Persona 3 ni kusoma, kurasa kwa kurasa, kwa Kiingereza, na Kiswahili hakimo kwenye orodha ya lugha. Kuna mzaha wa wanafunzi, kuna maneno ya mtaani, kuna walimu wanaokuuliza maswali darasani na wanangoja jibu. Mtu wa Mkwawa hilo halimtishi. Lakini nimeshaona kijana anasifiwa gemu hii, anaianza, anakuta saa ya kwanza yote ni maongezi, anaifuta na kurudi kwenye mpira akiamini tulimtania.

Halafu kuna mfuko na mashine. Mdogo wangu ana simu ya kawaida na laptopu ya mtumba ambayo feni yake inalia ukifungua Word. Reload inataka nafasi ya GB 30 hivi na kadi ya grafiki ya kueleweka. Mlango huo umejifunga wenyewe. Kwenye Steam, duka la gemu la mtandaoni, bei yake ya kawaida ni dola 70. Portable ilirudishwa Januari 2023 kwa kompyuta na konsoli za sasa, na bei yake ni dola 20, punguzo likija inashuka zaidi. Toleo hilo limeongezewa kusevu kwa haraka, jambo ambalo kwa mtu wa umeme wa kubahatisha linazidi uzuri wote wa picha. Nakala za kuwekewa kwenye memori kadi nazo zipo, kila mtu Mwanjelwa anajua zilipo. Mbali na suala la haki ya aliyeitengeneza, mimi nina hoja ya kivitendo: hujui imetoka wapi, na gemu ndefu kiasi hicho ikiganda katikati hakuna wa kumdai.

FES ndiyo nilimwambia aiache mpaka siku atakapoipenda hadithi kiasi cha kutaka kuiona ikiwa na baridi. The Answer pia isubiri, iwe ya FES au ya Reload. Ni ndefu, ni ngumu, imewagawa watu tangu 2007, na inakuja kufungua jeraha ambalo gemu yenyewe imetoka kulifunga. Mwisho wa Persona 3 unataka kuachwa ukae. Asikimbilie YouTube kuangalia kilichofuata.

Aliinunua Portable wakati wa punguzo, laptopu ikakubali kwa manung'uniko. Amechagua msichana, na Mhehe wetu huyu wa kuazima akampa jina la Kinyakyusa: Sekela. Jana kanitumia picha ya skrini: 9 Mei, ndani ya treni, muda unahesabu kurudi nyuma, Sekela yuko chini na Junpei haonekani alipo. Nikamwandikia asipoteze muda na Vivuli vya mabehewa ya nyuma, akimbilie la mbele, na aende na dawa za kutosha.

"Dawa zinauzwa wapi, dada?"

Aohige, pale Paulownia Mall. Tangu Aprili yuko pale na hajawahi kuingia dukani.